James Barnor ni mpiga picha wa nini hasa?

Ukitaka kumweleza James Barnor kwa mtu asiyemjua, unakwama kwenye kazi yake. Jumba moja la makumbusho litakuambia ni mpiga picha wa studio. Jingine litasema ni mpiga picha za mitindo wa London ya miaka ya 1960. Watu wa magazeti wa Ghana watadai ni wa kwao, maana alikuwa mpiga picha wa kwanza wa gazeti la Daily Graphic. Mafundi wa maabara nao wana haki ya kumdai, kwa sababu ndiye aliyeanzisha maabara ya kwanza ya picha za rangi nchini humo. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana mtu akisoma makala tatu kumhusu anaweza kudhani amesoma habari za watu watatu.

Maisha yenyewe yalikuwa marefu na yenye kona nyingi: Accra ya wakoloni, kisha London, kisha Accra tena, kisha London mara ya pili. Lakini iko njia moja ya kuyafumua ambayo naona inasaidia kuliko nyingine. Kwa kila picha, uliza nani alilipia. Jicho la Barnor halikubadilika sana kati ya 1950 na 1980. Aliyebadilika ni mlipaji. Na mlipaji ndiye aliyeamua picha iitwe ya sura, ya habari au ya mitindo, ikae kwa nani, na jina la nani liandikwe chini yake.

Mteja akilipa mwenyewe

Barnor alizaliwa Accra tarehe 6 Juni 1929, Ghana ikiwa bado inaitwa Gold Coast na iko chini ya Uingereza. Ukoo wao ulikuwa na wapiga picha kadhaa. Kamera yake ya kwanza, Baby Brownie ya Kodak, alipewa na mkuu wa shule ya misheni alikokuwa akifundisha ususi wa vikapu. Mwaka 1947 akaanza uanagenzi kwa binamu yake, J. P. D. Dodoo, aliyekuwa fundi wa picha za watu.

Uanagenzi wa aina hiyo haukuwa wa kubonyeza kamera tu. Sehemu kubwa ya ufundi ilianza baada ya picha kupigwa, na somo gumu kuliko yote lilikuwa retachi, yaani kuirekebisha sura kwa mkono kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapwa kutoka kwake. Kwenye negativu mambo yamegeuka: palipo na weusi kwenye picha, negativu huwa angavu na hupitisha mwanga. Kwa hiyo kunjo la paji la uso, ambalo kwenye karatasi litatoka kama mstari mweusi, kwenye negativu ni uzi mwembamba unaong'aa. Fundi anachonga penseli mpaka iwe na ncha kali, anaujaza uzi ule kidogo kidogo, mwanga unapungua kupita, na picha ikichapwa kunjo limefifia. Akizidisha, uso unakosa uhai. Akipunguza, mteja ananuna.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Barnor alikuwa na studio yake Jamestown, mtaa mkongwe wa pwani ya Accra. Aliiita Ever Young, yaani kijana daima. Jina alilitoa kwenye hadithi aliyoisoma shuleni, ya Iduna, mungu wa kike wa watu wa Skandinavia, aliyewalisha miungu matofaa ya kuwarudishia ujana. Kama jina la biashara, naliona la ukweli kuliko mengi: studio iliahidi ujana, na ujana ulipatikana kwenye meza ya retachi, kwa penseli.

Wateja walikuwa wa kila namna. Wauguzi waliohitimu hospitali ya Korle Bu. Askari polisi wa kike, katika miaka ambayo mwanamke mwenye sare ya polisi alikuwa bado habari. Maharusi, watoto wachanga waliofikia umri wa kukaa wenyewe, wachekeshaji wa jukwaani, watu waliotoka kwenye dansi usiku wakitaka picha kabla jasho halijakauka. Studio ya namna hii haikuwa duka la kuingia na kutoka. Watu walikaa, wakapiga soga, wakaazimana tai na mkufu, na mpiga picha alitakiwa kuwa na mdomo mtamu kama alivyo na mkono mwepesi.

Hapa ndipo uzi wa kwanza unapofumuka. Tumezoea kusikia kwamba Barnor alianza na picha za sura kisha akahamia mitindo alipofika London. Lakini mtazame yule aliyeketi mbele ya pazia la Ever Young. Hakwenda na nguo za kushindia. Amechagua kitambaa, amekipeleka kwa fundi cherehani, amefikiria viatu, amesuka au amechana nywele kwa ajili ya siku ile, na huenda pozi lenyewe ameliona kwenye jarida au filamu ya sinema. Amejipamba mwenyewe, amejipangia mwenyewe, na amejilipia. Kitu pekee ambacho hana ni mpiga picha. Barnor alikuwa akiandika historia ya mitindo ya Accra kabla hajapewa jalada la jarida lolote.

Tofauti ni hii: kwenye jarida la mitindo anayelipa anataka nguo ionekane, na anayeivaa anaweza kubadilishwa na mwingine kesho. Kwenye studio anayelipa ndiye aliyevaa, na nguo ipo kumsemea yeye. Barnor alijifunza kazi katika chumba ambamo mvaaji ndiye bosi. Alipokuja baadaye kupiga majalada, tabia hiyo hakuiacha, na nadhani ndiyo siri kubwa ya picha zake za London. Wasichana wake wa jalada wanaonekana kama watu walioingia studio kwa miguu yao wenyewe.

Mhariri akilipa

Daily Graphic lilianzishwa Accra mwaka 1950 na kampuni ya Uingereza iliyomiliki Daily Mirror, likaleta namna ya gazeti lenye picha nyingi. Barnor akawa mpiga picha wake wa kwanza. Wakati huohuo alianza kufanya kazi na Drum, jarida lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kusambaa kwa matoleo ya Afrika Magharibi na Afrika Mashariki, likiwafikia wasomaji weusi wa mijini kwa mchanganyiko wa siasa, ndondi, muziki, visa vya mapenzi na warembo.

Sitakaa sana kwenye picha za habari, ingawa kuna wanaoziona ndizo bora. Alimpiga Kwame Nkrumah akiupiga mpira teke. Alimfuata bondia Roy Ankrah, bingwa wa uzani wa unyoya wa Himaya ya Uingereza, mpaka nyumbani kwake, akampiga akiwa katika hali ya kawaida ya mwanamume na familia yake. Alikuwepo Machi 6, 1957, Ghana ilipopata uhuru. Ninachotaka ukione ni kwamba hata barabarani anapiga kama mtu wa studio: anamtafuta mhusika alipotulia, si alipokasirika. Wapiga picha wengi wa habari huwinda tukio. Yeye alisubiri sura.

Jarida likilipa, London

Alifika Uingereza Desemba 1, 1959. Mwalimu wake wa zamani aliyekuwa huko ndiye aliyemwandikia kwamba London ni mahali pake. Kazi ya kwanza ya kumweka huko haikuwa ya kupiga picha. Alifanya kazi kwenye maabara ya rangi ya Colour Processing Laboratories, Edenbridge, katika jimbo la Kent, kisha akasoma Chuo cha Sanaa cha Medway, mjini Rochester, akapata stashahada ya upigaji picha.

Kwa nini maabara na si studio? Mwenyewe amesimulia mara kadhaa kwamba wakati ule haikufikirika mpiga picha mweusi asimame studio na kuwaelekeza wazungu wakae hivi au vile. Mweusi angeweza kufanya kazi nyuma, kwenye giza, pasipo na mteja wa kumwona. Sheria nayo haikumlinda. Sheria ya Uingereza ya mahusiano ya kimbari ya 1965 ilikataza ubaguzi kwenye sehemu za umma kama hoteli na mikahawa, lakini haikugusa ajira. Ajira iliingizwa mwaka 1968. Majalada yake mashuhuri ya Drum ni ya 1966 na 1967. Yaani alipiga picha zile katika nchi ambamo kumnyima mtu kazi kwa rangi yake hakukuwa kosa.

Drum lilikuwa na ofisi Fleet Street, mtaa wa magazeti, na ofisi hiyo ndiyo iliyompa nafasi ambayo studio za London hazikumpa. Hapo mlipaji ni jarida la Waafrika, linalosomwa Lagos, Accra na Nairobi, na linataka kuwaonyesha wasomaji wake kijana wa Kiafrika yuko London, amependeza, na mji haujamtisha. Mwaka 1966 alikutana na Erlin Ibreck kwenye foleni ya basi kituo cha Victoria. Msichana yule akawa kwenye jalada, na Barnor akampiga Trafalgar Square katikati ya njiwa, na Kilburn akiwa ameegemea gari. Mwaka 1967 alimpiga Mike Eghan, mtangazaji wa Ghana aliyekuwa idhaa ya Afrika ya BBC, akishuka ngazi za Piccadilly Circus usiku, mikono ameitanua, taa za matangazo zikiwaka nyuma yake. Hata Muhammad Ali alimpata, mwaka 1966, alipokuwa London kwa pambano.

Picha ya Eghan ndiyo inayochapwa kila mahali, na ni rahisi kuona kwa nini. Lakini itazame kwa swali letu. Je, ni picha ya sura? Jina la mtu linajulikana na kazi yake inajulikana. Je, ni ya mitindo? Suti ile na mkao ule vingeuza suti. Je, ni ya habari? Ni Mwafrika anayesikika redioni akisimama katikati ya mji mkuu wa himaya iliyokuwa ikivunjika. Ni zote tatu, na kuibandika jina moja ni kuitupa theluthi mbili.

Kuna jambo la kiufundi ambalo makala nyingi hulipita juu juu, nami naliona ni nusu ya hadithi. Kipima mwanga hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kiamini kwamba chochote kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukikielekeza kwenye gauni jeupe la bibi harusi mweusi, kitadhani mwanga ni mwingi na kukuambia upunguze. Gauni litatoka la kijivu na uso utazama gizani, bila macho wala mashavu. Ukikielekeza kwenye uso wenyewe, kitadhani mwanga ni hafifu na kukuambia uongeze. Uso utapauka na mapambo yote ya gauni yatapotea kwenye weupe. Anayejua kazi anakisikiliza kisha anakisahihisha, anatafuta mahali pa kati, na zaidi ya hapo anafikiria mwanga unavyoanguka: ngozi nyeusi huonekana umbo lake kwa ule mng'ao unaorudi kutoka kwenye paji, pua na shavu, kwa hiyo mwanga mpana wa pembeni huifaa kuliko taa kali ya usoni.

Kwenye rangi hali ilikuwa ngumu zaidi. Mafundi wa maabara walisawazisha mashine za kuchapia kwa kadi ya picha kutoka Kodak, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi hiyo alikuwa mwanamke mweupe. Rangi ikiwa sawa kwake, ilihesabiwa kuwa sawa. Picha ya mtu mweusi ilipita kwenye mashine hiyohiyo na kutoka na wekundu au kijani kisichokuwepo usoni mwake, na hakuna aliyeona kuna kosa. Sasa fikiria mtu aliyekulia akipiga nyuso nyeusi Jamestown, halafu akakaa kwenye maabara ya rangi ya Kent akijifunza mashine ile inavyofanya maamuzi. Wapiga picha wa mitindo wa kizungu wa London wengi walipeleka filamu maabara na kungoja. Barnor alijua kinachotokea mlango ukifungwa.

Kampuni ikilipa, Accra tena

Uzi unaowachanganya wengi zaidi ni huu wa kurudi. Mtu amefika London, anapiga majalada, mbona arudi nyumbani akauze filamu?

Jibu liko kwenye joto la maji. Filamu ya nyeusi na nyeupe ni ya kusamehe: dawa ikiwa na joto zaidi, unapunguza dakika, ikipoa, unaongeza. Ndiyo maana studio ndogo yenye ndoo tatu na chumba cha giza iliweza kufanya kazi mji wowote. Filamu ya rangi haina huruma hiyo. Ina tabaka tatu, kila moja ikishika sehemu yake ya mwanga, na zote tatu zinatakiwa zisafishwe kwa kasi inayolingana. Joto likikosea, tabaka moja linatangulia jingine na rangi zinapinda bila kurekebishika. Mfumo wa Kodak uliotumika miaka ya 1960, C-22, ulitaka nyuzi joto 24 za Selsiasi. Ule uliouondoa mwaka 1972, C-41, unataka 37.8, na kwenye dawa ya kwanza unaruhusu kupotoka kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja tu. Katika mji wa pwani ya tropiki maji ya bomba yanaweza kuwa na joto kuliko nyuzi 24 kabla hujafanya lolote. Mtu mwenye ndoo na barafu angeweza kubahatisha, lakini biashara haiendeshwi kwa kubahatisha. Kwa hiyo filamu za rangi zilipelekwa Ulaya kusafishwa, na mteja akangoja.

Agfa-Gevaert, kampuni iliyozaliwa mwaka 1964 kwa Agfa ya Ujerumani kuungana na Gevaert ya Ubelgiji, ilitaka soko hilo. Ilimhitaji mtu anayeijua kemia na anayeujua mji, na watu wa namna hiyo walikuwa wachache mno. Barnor akapata mafunzo kwao, na kufikia 1970 alikuwa Accra akianzisha maabara ya kwanza ya rangi nchini, kwenye jengo la kampuni ya Sick-Hagemeyer. Baada ya miaka kumi hivi ughaibuni, hakurudi mikono mitupu. Alirudi na rangi.

Na sasa picha ninayoiweka juu ya zote, hata juu ya Eghan. Mwaka 1971 alimpiga msichana aliyekuwa muuzaji katika duka la Sick-Hagemeyer, nje, mbele ya jengo la makao makuu ya United Trading Company. Hakuwa mwanamitindo. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Lakini amesimama kama ambaye jalada limetengenezwa kwa ajili yake, na rangi zimekaa zinavyotakiwa kukaa kwenye ngozi yake, kwa sababu aliyempiga ndiye aliyesimamia maabara. Hapo mafunzo yote yamekutana: mteja wa Ever Young anayejivalia, msichana wa jalada la Drum, kemia ya Edenbridge. Wanaosema kwamba kilele cha Barnor ni London ya miaka ya 1960 wanaipenda London tu, nadhani.

Mwaka 1973 alifungua studio nyingine, Studio X23. Miaka hiyo alifanya kila kazi iliyolipa: kalenda ya kampuni ya mafuta ya Italia, AGIP, ya mwaka 1974, picha za majalada ya santuri, mojawapo ya mwanamuziki E. K. Nyame; kazi za ubalozi wa Marekani; baadaye kazi za serikali, wakati wa utawala wa Jerry Rawlings. Uchumi wa Ghana ulipodidimia mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, bidhaa za nje zikaadimika, na ukikosa karatasi na dawa za picha, kipaji hakikusaidii. Mwaka 1994 alirudi Uingereza, akiwa na miaka 65. Kwa muda alifanya kazi ya usafi kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow.

Jina lilipotelea wapi?

Magazeti ya Ulaya hupenda kuandika kwamba Barnor "aligunduliwa" akiwa mzee. Accra hawakuhitaji kumgundua. Familia nyingi zilikuwa naye ukutani na kwenye albamu, zikiwa hazijui kama hilo ni jambo la kushangaza. Swali la maana ni kwa nini jina lake halikusafiri pamoja na picha, na jibu ni lilelile: fuata pesa.

Mteja aliyelipa studio alichukua picha yake, na kwake jina muhimu lilikuwa la aliyepigwa. Nyuma ya karatasi kulikuwa na mhuri wa studio, pengine, na baada ya miaka thelathini mhuri umefutika. Jarida lilipolipa, lilichapa jalada bila kuona haja ya kumtangaza mpigaji. Kalenda ya kampuni ya mafuta inatangaza mafuta. Hata sheria ilimwona mlipaji kwanza. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1956 ilisema kwamba mtu akiagiza picha na kuilipia, hakimiliki ni yake, si ya mpiga picha, isipokuwa wamekubaliana vingine. Sheria ya 1988, iliyoanza kutumika Agosti 1989, ndiyo iliyoigeuza kanuni hiyo, na picha zilizopigwa kabla yake ziliendelea kuhesabiwa kwa kanuni ya zamani. Mpiga picha alibaki na negativu kwenye boksi, mteja akabaki na haki. Mabishano mengi ya leo kuhusu nani anaweza kuchapa picha fulani ya zamani ya studio yanaanzia kwenye mwanya huo.

Wala hili halikumpata Barnor peke yake. Mwaka 1991 kulikuwa na maonyesho ya sanaa ya Afrika New York, na picha kadhaa za studio kutoka Bamako, mji mkuu wa Mali, zilitundikwa bila jina la aliyezipiga. Zilikuwa za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, na alikuwa hai, Bamako, nyumbani kwake. Waliozitundika walikuwa na picha lakini hawakuwa na jina.

Tofauti ya Barnor ni kwamba alitunza. Alibeba negativu zake kutoka nchi hadi nchi na kuziweka miongo kadhaa, ingawa hazikuwa zikimwingizia chochote. Mwaka 2007, Ghana ikitimiza miaka 50 ya uhuru, Nana Oforiatta Ayim, mwandishi na msimamizi wa maonyesho ya sanaa, aliandaa maonyesho ya picha zake kwenye Black Cultural Archives, hifadhi ya historia ya watu weusi mjini London. Mwaka 2010 taasisi ya Autograph ikaandaa maonyesho makubwa zaidi Rivington Place, London hiyohiyo, baada ya kuzipanga na kuzihifadhi. Yakafuata Paris, ambako jumba la sanaa la Clémentine de la Féronnière lilichukua jukumu la hifadhi yake. Mwaka 2021 jumba la sanaa la Serpentine la London lilifanya maonyesho ya kazi ya maisha yake yote, yakichaguliwa kutoka hifadhi ya picha kama 32,000. Na mwaka 2023 yakafika Detroit, Marekani. Kwenye ufunguzi wa Serpentine alikuwa anakaribia miaka 92.

Hapo mlipaji amebadilika mara ya mwisho: ni makumbusho na wanunuzi wa sanaa. Nao, kama wote waliotangulia, wanaichagua picha na kuipa jina. Makumbusho yanapenda neno la mitindo, kwa sababu linaleta vijana mlangoni, na yanapenda London ya miaka ya 1960 kwa sababu watazamaji wake wanaijua. Si uongo. Ila picha za harusi za Waafrika waliokuwa Uingereza, mamia ya nyuso za kawaida na watoto wa miezi minane, ambazo ndizo zilizomlisha, zinabaki kwenye boksi kwa wingi kuliko zinavyotundikwa.

Unachokiona ukutani

Jambo moja zaidi la kulijua kabla hujatoa hukumu kuhusu rangi au mwanga wake. Picha nyingi za Barnor zinazoonyeshwa leo hazikuchapwa wakati zilipopigwa. Zimechapwa tangu 2010 hivi, kutoka negativu zilizopitishwa kwenye skana. Kwa za nyeusi na nyeupe hilo si neno kubwa. Kwa za rangi ni kubwa sana, maana rangi za filamu na karatasi za miaka ya 1960 na 1970 hufifia kwa joto na mwanga, tena hazififii kwa pamoja: moja hutangulia, na picha nzima huegemea wekundu au unjano. Fundi wa leo anapoirekebisha kwenye kompyuta anakisia gauni lilikuwa na rangi gani. Barnor mwenyewe ameshirikishwa katika kazi hiyo, jambo ambalo wapiga picha wengi wa kizazi chake hawakulipata kwa kuwa walikuwa wameshakufa.

Pia fremu hubadilika. Mhariri wa Drum alikata picha ili ikae chini ya jina la jarida, na fundi wa studio alikata ili mteja apate uso na nguo tu. Makumbusho hupenda kuchapa negativu nzima, mpaka ncha ya pazia na sakafu isiyofagiliwa. Mteja wa mwaka 1954 asingekubali kulipia picha ya namna hiyo. Kwa hiyo kwenye lebo soma miaka miwili: mwaka wa kupigwa, na mwaka wa kuchapwa ulioandikwa kwa herufi ndogo pembeni yake. Wa kwanza unakuambia Barnor aliona nini; wa pili unakuambia ni nani aliyeamua uione hivyo.